Posta ya Maputo: Sifa Apewe Aliyeamua Kupima Gramu 4

Kila ukisoma habari za barua kusafirishwa kwa puto utakutana na majina yaleyale. Blanchard yule rubani wa maputo, George Washington, Gambetta yule waziri wa Ufaransa, Nadar yule mpiga picha. Wakubwa watupu. Mimi hii habari nimeifuatilia muda mrefu na kadiri ninavyosoma ndo ninavyozidi kuona sifa zimegawanywa vibaya, kwa sababu kilichoifanya posta ya maputo iwe jambo la maana duniani sio ushujaa wa yule aliyepanda kikapuni (ushujaa ulikuwepo, tena mwingi), ni uamuzi wa posta ya Paris mwaka 1870, mji uliozungukwa na jeshi, mji unaoelekea kwenye njaa, kwamba barua ya fundi cherehani itapanda puto lilelile lililobeba nyaraka za serikali. Utamu wote uko hapo.

Kwanza puto lenyewe, maana wengi wetu tukisikia puto tunawaza yale ya watalii Serengeti na Maasai Mara, yenye moto unaounguruma juu ya kikapu alfajiri. Yale ni ya juzijuzi tu, mtindo wa kuwasha gesi ya propeni ukiwa angani ulianza Marekani Oktoba 1960 na jamaa anaitwa Ed Yost. Kweli ndugu wawili wa Montgolfier walirusha maputo ya hewa moto Ufaransa tangu 1783, wakichoma majani makavu na sufu, ila moto wa namna ile haukai na ni hatari, kwa hiyo barua zilizoandika historia zilibebwa na maputo ya gesi, hidrojeni au gesi ya makaa ya mawe, ileile iliyokuwa inawasha taa za mitaani. Gesi ni nyepesi kuliko hewa, unajaza mara moja unaondoka. Ukitaka kupanda juu unamwaga mchanga uliobeba kama farumi, yaani uzito wa makusudi, ukitaka kushuka unavuta kamba ya vali gesi itoke kidogo. Mwisho wa udereva wako ni hapo. Kulia huna, kushoto huna, unaenda anakoenda upepo.

Na huo upepo umewaumbua wengi. Januari 7, 1785 Blanchard na Dk. Jeffries walivuka bahari kutoka Dover kwenda Ufaransa wakiwa na barua ya kwenda kwa mjukuu wa Benjamin Franklin, wengi wanaihesabu kama barua ya kwanza ya angani duniani, lakini njiani puto likawa linashuka tu, wakatupa kila kitu baharini mpaka nguo walizovaa ndo wakafika. Mwaka 1793 Blanchard huyohuyo akaruka Philadelphia na karatasi ya Rais Washington mfukoni, ya kuomba watu wampokee vizuri kwa sababu Kiingereza hakijui, akatua New Jersey. Zote hizo ni barua moja moja za heshima, posta hiyo sio.

Wamarekani walijaribu posta kamili Agosti 17, 1859. John Wise akapanda na puto lake Jupiter pale Lafayette, Indiana, akiwa na mfuko rasmi wa posta wenye barua 123, nia yake afike New York au popote pwani ya mashariki. Siku hiyo upepo haukuwepo, akasukumwa kusini kidogo akashuka Crawfordsville, kama kilomita 50 tu, na barua zikamalizia safari kwa treni. Wengine wanaitaja kama kichekesho, mimi siioni hivyo. Wise alikuwa fundi kwelikweli, kosa lilikuwa kwenye kazi aliyopewa. Ukilipangia puto anwani maalumu, umeliomba kitu ambacho haliwezi.

Sasa njoo Paris, miaka 11 baadaye. Septemba 1870 jeshi la Prussia na wenzao wa Ujerumani wamemshika mateka Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, wamefika Paris, na kufikia tarehe 19 wameuzunguka mji mzima. Reli zimekatwa, waya za telegrafu zimekatwa, watu karibu milioni 2 wamo ndani. Waliojaribu kupita na barua kwa miguu wengi walikamatwa au walirudi. Na hapa ndo ule udhaifu wa puto unageuka, kwa sababu ukiwa umezungukwa pande zote basi kila upande ni nje. Upepo uende kaskazini, magharibi, kusini, haijalishi, ilimradi uvuke mstari wa adui utue penye Mfaransa mwenzako, yeye atapeleka mfuko posta ya karibu na kule posta inafanya kazi kama kawaida. Hawakulipangia puto anwani. Waliliambia litoke tu, basi. Kwangu mimi hiyo ni akili kubwa kuliko mashine yoyote ya wakati ule.

Septemba 23 asubuhi Jules Duruof akaondoka na puto kuukuu, Le Neptune, kutoka Place Saint-Pierre kule Montmartre ambapo Nadar na wenzake walikuwa wameweka kambi. Alibeba kilo 125 za barua. Saa tatu hivi baadaye akatua karibu na Évreux, salama, barua zikaenda. Habari ikawa imethibitika, inawezekana.

Ila Paris maputo yaliyokuwepo yalikuwa machache na mabovu, na puto likishatoka halirudi, kwa hiyo kila safari inataka puto jipya. Wakageuza stesheni za treni kuwa viwanda. Treni haziendi popote, majengo ni marefu, mapana, yamekaa bure. Gare d'Orléans (leo inaitwa Austerlitz) akapewa Eugène Godard, Gare du Nord wakachukua Yon na Dartois. Wanawake mafundi cherehani wamekaa safu kwa safu wanashona vitambaa vya pamba, vikishashonwa vinapakwa vanishi ya mafuta ya kitani visivujishe gesi, vinatundikwa vikauke. Puto moja kama mita za ujazo 2,000. Marubani nao waliisha, maana kila anayetoka harudi, wakachukua mabaharia, watu waliozoea kamba na urefu, wakawafundisha haraka haraka kwa kikapu kilichoning'inizwa darini mwa stesheni. Hapo unakaa unaambiwa hii ndo kamba ya vali, hii ndo nanga, mchanga unamwaga hivi. Kisha usiku mmoja unaondoka kweli.

Mpaka hapa hii ni stori ya vita kama nyingine. Kilichonifanya mimi nikae nayo ni amri ya posta ya Septemba 26. Mkurugenzi wa posta, Rampont, alikuwa na kila sababu ya kusema maputo ni ya jeshi na serikali tu, raia subirini vita viishe. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake ikatangazwa kwamba mtu yeyote anaweza kutuma barua kwa puto, sharti isizidi gramu 4, na bei ni sentimu 20 kwa Ufaransa yote na Algeria. Sentimu 20 ndo ilikuwa bei ya kawaida ya barua ya kwenda mji mwingine kabla ya vita! Hawakupandisha. Walichopunguza ni uzito. Yaani tajiri na maskini wote mnapata gramu zilezile 4, huwezi kununua nafasi ya mwenzako kwa hela. Nionyesheni huduma ya dharura leo inayofanya hivyo.

Gramu 4 ni ngapi? Chukua karatasi ya A4 ya kawaida, hii tunayopelekea stationari kupiga fotokopi. Karatasi moja hiyo ni gramu 5. Imeshazidi. Kwa hiyo watu waliandika kwenye karatasi laini sana ambayo wino unaonekana upande wa pili, mwandiko mdogo umebanana mpaka pembeni, halafu karatasi yenyewe inakunjwa inakuwa bahasha, anwani juu yake. Pale juu wanaandika au imechapwa "par ballon monté", yaani kwa puto lenye mtu. Stempu, muhuri wa Paris wa siku ya kuondoka, na nyingi nyuma zina muhuri wa mji zilikofika. Kulikuwa mpaka na gazeti dogo la karatasi nyembamba, Lettre-Journal de Paris, upande mmoja umechapwa habari za mji, sehemu nyingine tupu ujaze ya kwako, unakunja unatuma, ndugu zako wanapata habari za vita na za nyumbani kwa gramu zilezile 4.

Na watu waliandika, jamani. Mpaka mji unasalimu amri Januari 28, 1871 yalikuwa yameondoka maputo 66 hivi na barua zaidi ya milioni 2, tani 10 hivi za karatasi laini. Watu walizipa barua zao namba ili anayepokea ajue ipi haikufika, na habari ileile wakairudia kwenye barua tatu nne wakijua puto mojawapo linaweza kukamatwa. Mji ulikuwa unakula farasi, paka, panya, tembo wawili wa bustani ya wanyama wakachinjwa na kuuzwa nyama, na bado mtu anapanga foleni posta na karatasi yake ya gramu 4. Wanahistoria wanampenda Gambetta, waziri aliyetoka kwa puto Oktoba 7 akakwaruzwa mkono na risasi njiani kisha akaenda kukusanya majeshi mikoani. Sawa, ilikuwa kazi kubwa. Lakini majeshi ya Gambetta yalishindwa, zile barua nyingi sana zilifika.

Adui naye hakukaa kimya. Walikuwa wanafukuza maputo kwa farasi, Krupp, mwenye kiwanda cha silaha Ujerumani, akatengeneza mzinga maalumu wa kupiga juu, na Novemba 12 wakaliangusha Le Daguerre wakakamata. Matano hivi kwa jumla yaliangukia mikononi mwao na waliokamatwa walitishiwa kuhukumiwa kama majasusi. Kwa hiyo kuanzia katikati ya Novemba maputo yakaanza kuondoka usiku. Risasi wakaikwepa, ila wakanunua balaa jingine, kwa sababu baharia aliyejifunza urubani darini sasa yuko juu gizani, ukungu chini, hajui yuko juu ya shamba au juu ya bahari.

La Ville d'Orléans liliondoka Gare du Nord usiku wa Novemba 24 na watu wawili, Paul Rolier na Léon Bézier. Kulipokucha wakasikia kelele chini kama za treni, kumbe ni mawimbi, wako juu ya Bahari ya Kaskazini. Wakatupa mfuko mmoja wa barua puto lipande. Mchana wakaona theluji na miti, wakaruka chini, puto likawaponyoka likaenda zake na barua na njiwa. Walikuwa Norwei, kwenye mlima Lifjell, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Paris kwa muda usiofika saa 15, bila chakula wala makoti ya baridi. Wenyeji wakawapokea vizuri sana. Puto lenyewe likakutwa limetua mbali na mizigo yake, na ule mfuko uliotupwa baharini ukaokotwa na wavuvi, barua zikatumwa. Ujumbe wa jeshi uliokuwemo, wa kumwambia Gambetta kwamba Paris inajiandaa kuvunja mzingiro, ulichelewa na hilo liligharimu damu. Barua za watu wa kawaida zikafika.

Alexandre Prince hakubahatika hivyo. Baharia, aliondoka peke yake na puto Le Jacquard usiku mmoja mwishoni mwa Novemba, akaonekana mara ya mwisho kusini magharibi kabisa mwa Uingereza, akielekea Atlantiki. Kabla hajapotea aliangusha barua nchi kavu karibu na rasi ya Lizard. Sijui kama alizitupa kupunguza uzito apone au alizitupa ili zifike, nadhani vyote viwili, ila zilifika na yeye hakuonekana tena. Januari 27, siku moja kabla ya kusitisha vita, Émile Lacaze naye akapita juu ya La Rochelle akaingia baharini na Le Richard Wallace. Hawa wawili ningependa watajwe kila anapotajwa Gambetta.

Sasa majibu. Kutoka Paris upande wowote unafaa, kurudi Paris unatakiwa ulenge mji mmoja, hapo puto linarudi kwenye udhaifu wake uleule wa John Wise. Ndugu wawili wa Tissandier walijaribu kutoka Rouen wakashindwa. Suluhisho likawa njiwa. Njiwa wa Paris wanapanda puto kwenda nje, kule wanafungwa ujumbe, wanaachiwa warudi mabandani kwao. Mpiga picha René Dagron, ambaye naye alitoka kwa puto siku ileile Le Daguerre linaangushwa akaponea chupuchupu, alikuwa anapunguza kurasa nzima za ujumbe kwa picha mpaka zinakaa kwenye kipande cha filamu nyepesi kuliko unyoya, kipande kimoja jumbe kama 3,000, vinakunjwa vinatiwa ndani ya kishina cha unyoya kinafungwa mkiani mwa njiwa. Paris wanazimulika ukutani kwa taa, makarani wanakaa wananakili moja moja kwa mkono halafu zinapelekwa nyumba kwa nyumba. Walioachiwa walikuwa kama 300 na wengi hawakufika, baridi, ukungu, mwewe, risasi, kwa hiyo ujumbe uleule ulirudiwa kwa njiwa kadhaa mpaka ithibitike mmoja amefika.

Na kulikuwa na kadi, hii ndo inanigusa kuliko vyote. Posta iliuza kadi ya kujibiwa. Aliyeko Paris anamwandikia nduguye maswali manne kwenye barua ya puto, yote ya kujibika kwa ndiyo au hapana. Yule wa nje anajaza kwenye kadi ndiyo, hapana, ndiyo, ndiyo, inapigwa picha inarudi na njiwa. Ebu kaa chini uchague maswali yako manne. Wazazi wazima? Mtoto amepona? Hela nilizotuma zimefika? La nne unaliacha la nini? Kuna mtu ofisini alikaa akafikiria kwamba neno moja tu likifika linatosha kumlaza mtu usingizi, na akaitengenezea fomu. Huyo karani mimi namheshimu sana.

Sio kila kitu kilifaulu. Walitengeneza mipira ya zinki yenye mapezi, imejazwa barua, inatupwa mto Seine mahali ambapo maji bado hayajafika mjini ibingirike chini ya maji mpaka Paris ambako wameweka wavu. Hakuna hata mmoja uliofika wakati wa mzingiro. Imekuwa ikiibuliwa mtoni miaka na miaka, mmoja ulipatikana 1968, barua ndani.

Nikiwaza haya yote lazima niseme na la kwetu. Januari 2021 Uganda intaneti ilizimwa siku kadhaa kipindi cha uchaguzi, Congo nako mwisho wa 2018 mpaka Januari 2019 karibu wiki tatu, watu hawawezi kuuliza nyumbani kama wako salama. Serikali zikiulizwa zinajibu usalama. Paris 1870 walikuwa na adui halisi mlangoni anayesoma kila barua anayoikamata, na bado walisema raia aandike. Wakazitafutia njia barua, hawakuzitafutia kufuli. Sikubali hoja kwamba dharura lazima imnyamazishe mwananchi.

Maputo ya mawasiliano nayo yamerudi hukuhuku kwetu. Julai 2020 mradi wa Loon wa Alphabet, wenye Google, wakishirikiana na Telkom Kenya waliweka maputo kama 35 juu ya magharibi na kati ya Kenya, kilomita 20 hivi angani, yakimwaga intaneti eneo la karibu kilomita za mraba 50,000. Yalirushwa Marekani yakaja mpaka Kenya kwa kupanda na kushuka tu, kompyuta inatafuta tabaka lenye upepo wa kwenda upande unaotakiwa. Januari 2021 wakatangaza wanafunga, gharama hazikushuka vya kutosha. Mimi niliumia. Ufundi ulikuwa mzuri kuliko wa Godard mara elfu, ila mahesabu yake yalikuwa ya kampuni, na kampuni inaangalia faida, wakati yale ya Rampont yalikuwa ya posta ya umma. Serikali za kwetu zingeweza kusema hili tunalichukua. Hazikusema.

Wafaransa walijenga sanamu 1906 pale Neuilly, jirani na Paris, puto kubwa la shaba, kazi ya Bartholdi aliyetengeneza Sanamu ya Uhuru ya New York. Vita vya pili vikaja, likayeyushwa chuma chakavu. Lakini barua zenyewe zipo, kwa maelfu, wakusanyaji wa stempu wananunua na kuuza mpaka leo. Na hapa nina ugomvi nao kidogo. Nimepita kwenye katalogi nyingi za minada, wanakuonyesha upande wa nje tu, stempu, muhuri, jina la puto walilolikokotoa kwa tarehe, bei. Ndani kumeandikwa nini hakuna anayesema, au mstari mmoja, "maandishi ya familia". Hayo maandishi ya familia ndo yaliyobebwa! Stempu ilikuwa nauli. Makumbusho ya posta yaliyo nazo, Paris na kwingine, yangeanza kuzifungua, kuzipiga picha ndani na kuziandika upya kwa herufi zinazosomeka ziwekwe wazi kwenye intaneti, na hao wakusanyaji nao wachangie za kwao, kazi yenyewe ni ya kunakili tu na siku hizi ni nyepesi kuliko ile ya makarani waliokuwa wananakili kutoka ukutani.